Macho Baada ya Miaka 40: Kutoka Miwani hadi Lenzi

Je, umepita miaka 40 na siku hizi huwezi kusoma ujumbe bila kuisogeza simu mbali? Je, kutia uzi kwenye tundu la sindano kumekuwa kazi? Usidhani umerogwa. Ndani ya jicho mna lenzi ya asili inayobadilika umbo ili tuone vitu vya karibu. Kadiri miaka inavyosonga, lenzi hiyo hukakamaa. Hali hii humpata kila mtu. Leo tutazame jinsi binadamu alivyoitafutia msaada.

Msaada wa kwanza ulitoka Italia. Mwaka 1306, mtawa Giordano wa Pisa alihubiri mjini Florence kwamba ufundi wa kutengeneza miwani ulikuwa haujatimiza hata miaka 20. Miwani hiyo ya kusomea ilisaidia sana, lakini ukiinua macho kutazama mbali, unaona ukungu.

Benjamin Franklin, aliyekuwa mwakilishi wa Marekani nchini Ufaransa, alichoka kubadilisha miwani kila mara. Akaagiza vioo vikatwe katikati: nusu ya kuonea mbali ikae juu, nusu ya kusomea ikae chini. Katika barua ya mwaka 1785 alieleza kwamba akiwa mezani aliona chakula chake na pia uso wa aliyezungumza, jambo lililomsaidia kuelewa Kifaransa.

Mwaka 1888, daktari Adolf Fick, aliyefanya kazi Zürich, Uswisi, alieleza lenzi za kioo za kuvaliwa juu ya jicho lenyewe. Zilikuwa kubwa, na watu walizivumilia saa chache tu. Nafuu ilikuja mwishoni mwa 1961. Otto Wichterle, mwanakemia wa Prague, alitengeneza lenzi laini nyumbani kwake, kwa mashine aliyoiunda kwa vyuma vya kuchezea watoto na dainamo ya baiskeli.

Baadaye wataalamu waliunganisha mawazo hayo mawili. Lenzi nyingi laini za aina hii zina miduara, mmoja ndani ya mwingine, ya kuonea mbali na ya kuonea karibu. Picha zote huingia jichoni kwa pamoja, na ubongo hujifunza kuchagua inayohitajika. Kuzizoea huchukua siku kadhaa au hata wiki. Penye mwanga hafifu huenda usione vizuri kama kwa miwani, na usiku taa za magari zaweza kuonekana zimezungukwa na duara la mwanga. Ikiwa unaendesha gari usiku, mweleze mtaalamu mapema.

Sasa sikiliza kwa makini. Miwani ikianguka chini, unaifuta na kuendelea. Lenzi haitaki mzaha huo. Usiioshe kwa maji ya bomba, ya mtungi, wala kwa mate. Majini mna kijidudu kiitwacho akanthamiba ambacho kinaweza kuharibu kioo cha jicho na kuleta upofu. Nawa mikono kwa sabuni na uikaushe kabla ya kushika lenzi. Tumia dawa yake maalumu, usilale nayo, usiogelee nayo, wala usimwazime mtu. Jicho likiwa jekundu au likiuma, itoe mara moja umwone daktari.

Ikiwa huwezi kupata dawa hiyo kila mwezi, chagua miwani bila kuona haya. Lakini hata miwani ya kusomea, usikimbilie kuinunua barabarani kabla ya kupimwa. Presha ya macho huharibu jicho polepole bila maumivu, na hatari yake huongezeka baada ya miaka 40. Miwani haiwezi kuizuia. Daktari akiigundua mapema, anaweza kuokoa uwezo wa kuona uliobaki.

Nenda ukapimwe, mpenzi msikilizaji. Hadi wakati mwingine, kwaheri.