Volti 3,000 Kwenye Meza ya Jikoni

Wasee, leo hakuna story ya simu mpya. Leo nawaletea sanduku la chuma lenye valvu mbili za kioo, ambalo mtu wa kawaida huko Marekani alikuwa anaagiza kutoka kwa katalogi, linamfikia likiwa vipande vipande, halafu analiunda mwenyewe kwenye meza ya jikoni. Likikamilika, ndani yake kuna karibu volti 3,000. Soketi ya kwenu ina 240. Piga hesabu.

Linaitwa Heathkit SB-220 na lilitoka 1970. Ni amplifaya ya redio ya ridhaa, yaani ile redio ya watu wanaoongea na dunia nzima kwa kujifurahisha, bila kulipwa na bila bando. Redio yako inatoa wati kama 100, unazipitisha kwa hili sanduku, zinatoka karibu wati 1,000 kwenda kwa antena. Miaka zaidi ya hamsini baadaye, kuna watu bado wanazitumia usiku kwa usiku. Mimi sina moja. Nilichonacho ni kitabu chake cha mwongozo, ambacho kiko mtandaoni bure, na nimekisoma kuliko nilivyosoma kitabu chochote cha ule uhandisi nilioacha mwaka wa pili. Hiki kitabu ndicho kimenifanya niandike hii kitu. Lakini ili uelewe uzito wake, lazima turudi nyuma kidogo.

Muulize guka ama shosh yako kuhusu redio ya valvu. Atakwambia ulikuwa unaiwasha, halafu unangoja. Ilikuwa inapata moto kwanza ndio iongee. Hiyo kungoja ndio siri ya valvu yote. Ndani ya kioo hakuna hewa. Kuna waya mwembamba, filamenti, unaopashwa moto mpaka elektroni zinaanza kuruka kutoka kwake kama mvuke kwa sufuria. Upande wa pili kuna kipande cha chuma kinaitwa anodi, kimepewa volti nyingi, kinazivuta. Katikati kuna wavu mdogo, gridi. Ukibadilisha umeme wa gridi kidogo tu, mkondo mkubwa unaoelekea kwa anodi unabadilika nao. Kitu kidogo kinaongoza kitu kikubwa. Hapo ndipo sauti yako ndogo inakuwa kubwa.

Mwingereza John Ambrose Fleming alitengeneza valvu ya kwanza 1904, lakini haikuwa na gridi. Mmarekani Lee de Forest ndiye aliongeza ule wavu 1906. Kufika 1915, valvu zilikuwa zinabeba simu kutoka pwani moja ya Marekani hadi nyingine.

Sasa sikiza sehemu inayonifurahisha. Mwaka wa 1912, baada ya Titanic kuzama, serikali ya Marekani ilipitisha sheria ya redio. Meli, jeshi na makampuni zikapewa mawimbi marefu, juu hayo ndiyo yalionekana ya maana. Vijana wa ridhaa wakaambiwa wakae mita 200 kushuka chini, na nguvu isizidi kilowati moja. Wataalamu wengi wa wakati huo waliona mawimbi mafupi hayafiki mbali. Kwa lugha yetu, walisukumwa kando ya barabara wauze huko, mahali wateja hawapiti.

Desemba 1921, wanachama wa klabu moja ya redio walijenga stesheni huko Greenwich, Connecticut, ishara yake ikiitwa 1BCG. Hawakutumia cheche za kizamani, walitumia valvu. Mwenzao Paul Godley alivuka bahari hadi Ardrossan, Scotland, akakaa kwa hema kando ya bahari kwenye baridi ya Desemba, akiwa amevaa spika za masikio. Akawasikia. Novemba 1923, Léon Deloy akiwa Nice, Ufaransa, akaongea na Fred Schnell aliyekuwa Connecticut, huku na huku, kwenye wimbi la karibu mita 100. Mawimbi yaliyodharauliwa yalikuwa yanapanda juu, yanagonga tabaka la umeme angani, yanarudi chini ng'ambo ya bahari. Mwaka uliofuata Edward Appleton akaanza majaribio yaliyothibitisha kwamba hilo tabaka kweli lipo.

Baada ya hapo kila mtu akayataka. Serikali, makampuni, mashirika ya habari, wote wakahamia mawimbi mafupi. Hata sisi yalitufikia: Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza 1957 kwa mawimbi hayo hayo. Wazee wetu walikuwa wanasikiza habari za London kwa njia ambayo ilifunguliwa kwa sehemu kubwa na watu wasiolipwa, waliopewa sehemu iliyoonekana takataka.

Turudi kwa sanduku letu. Kampuni ya Heath haikuanza na redio. Edward Heath alikuwa anauza ndege ndogo ambazo unajiundia mwenyewe. Ndiyo, ndege. Akafa 1931 akiijaribu ndege. Howard Anthony akainunua kampuni 1935, na baada ya Vita vya Pili akanunua mzigo wa vipuri vya elektroniki vilivyobaki jeshini. Badala ya kuviuza kimoja kimoja, 1947 akavipanga kuwa kifurushi cha kuunda osiloskopu, ile mashine ya kuona umeme kwa skrini. Watu wakagombania. Kutoka mji mdogo wa Benton Harbor, Michigan, zikaanza kutoka redio, televisheni, mashine za kupimia, na baadaye hata kompyuta, zote zikiwa vipande ndani ya boksi.

Na ndani ya kila boksi kulikuwa na kile kitabu. Kinaanza na wewe kuhesabu vipuri vyote ujue hakuna kilichopotea. Kinakufundisha kulehemu: hii ni lehemu nzuri, hii ni mbaya, na picha ziko. Halafu hatua moja moja. Chukua waya wa urefu huu, ulehemu hapa, weka alama kwenye kijisanduku, nenda hatua inayofuata. Mwisho kuna mchoro mzima wa umeme na sura nzima ya namna ya kutafuta hitilafu. Ukikwama unawaandikia ama unawapigia. Ikikataa kabisa, unairudisha wakuangalilie. Hawakukuuliza una digrii ama huna.

Kumbuka hiki si kitu cha kuchezea. Sheria ya kwanza ya kumiliki SB-220 ni kwamba inaweza kukuua hata ikiwa imezimwa. Kuna kapasita nane zimefuatana, kila moja ya volti 450, zinazohifadhi ule umeme. Kila moja ina kipingamizi kando yake cha kuunyonya polepole. Waundaji waliweka swichi ya usalama: ukifungua kifuniko cha juu, umeme mkubwa unapelekwa ardhini. Hata hivyo mwenye akili haamini swichi peke yake. Anachomoa plagi, anangoja, anaangalia mita ishuke hadi sifuri, halafu anagusisha fimbo yenye mpini usiopitisha umeme na waya ulioungwa kwa bodi. Mkono mwingine unakaa mfukoni, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani.

Baada ya hapo ndio kazi ya kuitunza inaanza, na ni kazi kweli. Zile kapasita zina maji maji ndani, na miaka hamsini inazikausha. Kuwasha mtambo ukiwa na zile za kiwandani ni kamari, kwa hivyo wenye akili hubadilisha zote nane pamoja na vipingamizi vyake. Feni inataka matone ya mafuta, juu bila hewa zile valvu zinajipika. Vumbi linafutwa, kwa sababu volti 3,000 hupenda kupita juu ya uchafu. Halafu kuna relei, ambayo waya wake wa kuiwasha unabeba volti zaidi ya 100. Redio ya zamani ilivumilia. Ukiunganisha redio ya leo moja kwa moja, ile transista ndogo ya ndani inaungua. Watu huweka kisakiti kidogo katikati kuikinga.

Na valvu zenyewe, zinaitwa 3-500Z, zina tabia yao. Zilibuniwa na Eimac, kampuni iliyoanzishwa California 1934 na Bill Eitel na Jack McCullough, wote wawili watu wa redio ya ridhaa. Ikikaa kabatini miaka mingi, hewa kidogo sana hujipenyeza ndani. Kwa hivyo haupewi ruhusa ya kuipiga volti zote siku ya kwanza. Unawasha filamenti peke yake masaa kadhaa kwanza. Baadaye ikifanya kazi, anodi inawaka wekundu kama jiko la makaa, na si kasoro: dawa ya zirkoni iliyopakwa kwa anodi inahitaji ule moto ndio inyonye hewa iliyobaki. Ni mashine ambayo inaumia ikikaa bila kazi.

Sitawadanganya ati kila kitu cha zamani kilikuwa poa. Miaka ya sabini Marekani, madereva wa malori walijazana kwenye redio za CB zilizoruhusiwa wati 4 tu. Wengine wakachukua amplifaya za ridhaa wakazisukuma huko, wakafunika wenzao na kuharibu picha za televisheni za majirani. Mwaka wa 1978 serikali ikapiga marufuku viwanda kuuza amplifaya zinazofanya kazi kwenye bendi ya mita 10, iliyo jirani na CB. SB-220 ikageuzwa kuwa SB-221, ile ile lakini bila mita 10. Watu wachache walitumia vibaya, wote wakakatiwa. Hiyo story nadhani mnaijua.

Halafu viwanda vya Asia vikaanza kuunda vitu vilivyokamilika kwa bei ya chini kuliko vipuri vyenyewe. Kujiundia hakukuokolea pesa tena. Heathkit ikaacha vifurushi vyake 1992.

Kuna mtu atasema hizi ni ndoto za wazee wapenda vumbi. Amplifaya ya transista haingoji ipate moto, haina volti 3,000, unaibeba kwa mkono mmoja. Nakubali kabisa. Ningepewa chaguo leo, labda ningechukua hiyo. Lakini swali langu ni lingine. Kwa nini mtambo wa 1970 bado uko hewani, na simu ya miaka mitatu iliyopita iko kwa droo? Valvu si ngumu, ni kioo, ukiangusha imeisha. Mtambo bado uko hewani juu aliyenao ana mchoro. Na aliyemuuzia alimpa pia. Hata mtoto wa jirani akiinunua leo, anapata kile kitabu, anajua kila waya unaenda wapi.

Sasa tembea Luthuli. Fundi anafungua simu iliyobandikwa gundi ili isifunguke, anaangalia bodi ambayo aliyeitengeneza amekataa kutoa mchoro wake, na bado anaipata hitilafu, kwa macho na kwa kukumbuka zile mia mbili alizofungua kabla. Tunamwita wa jua kali kama vile ni kudharau. Na mimi nilikaa darasani karibu miaka miwili nikisoma umeme bila kufungua mashine hata moja. Fundi ana mikono lakini hana mchoro, na mwanafunzi ana fomula lakini hana mashine. Yule jamaa wa Michigan alipewa vyote viwili kwenye boksi moja, na akaaminiwa na volti za kumuua.

Hiyo ndiyo kitu naona tumenyang'anywa, na hatukupiga hata kelele. Tumezoea kwamba kitu tulicholipia hatuna haki ya kukijua. Ikiharibika tunaambiwa nunua ingine. Nataka tuanze kuuliza mchoro uko wapi kabla ya kulipa, vile tunauliza waranti. Nataka vyuo vipe mafundi wa mtaani nafasi ya kufundisha, si kuja kurekebisha taa za ukumbi peke yake.

Na kama imekuingia, Kenya leseni ya redio ya ridhaa inatolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, na ishara zetu huanza na 5Z4. Anza na redio ndogo ya wati chache, antena ya waya kwa paa, na ule mwongozo wa SB-220 uusome tu kama hadithi. Volti 3,000 zitakungoja.

Swali la leo: ni kitu gani nyumbani kwenu kimewahi kufunguliwa, kikarekebishwa, na bado kinafanya kazi? Nani alikifungua? Niambieni chini hapo, na mtaje fundi wenu alijifunzia wapi.