Kutoka Nyika ya Taru hadi Bumala: Miji Midogo Iliyozaliwa na Safari

Katika vyumba vya gemu mjini Kisumu, wengi huja kucheza kandanda. Kelele zao husikika hadi barabarani. Lakini hakosekani mmoja aliyejitenga kwenye kompyuta ya pembeni, kimya, akiendesha trela katikati ya jangwa la Nevada. Hafungi bao wala hashindani na mtu. Lori lake linapanda kilima kikavu, linapita kituo cha mafuta kilichosimama peke yake, linaingia Tonopah, mji mdogo ulionyooka kando ya barabara kuu. Anashusha mzigo, anachukua mwingine, anaondoka.

Gemu hiyo ni American Truck Simulator, iliyotolewa Februari 2016 na SCS Software ya Prague, Jamhuri ya Cheki. Ilianza na majimbo ya California na Nevada, na Arizona ikaongezwa mwaka huohuo. Kampuni hiyo ilikuwa tayari imejijengea jina kwa Euro Truck Simulator 2 ya mwaka 2012. Ukimuuliza mchezaji utamu uko wapi, atakuambia ni barabara yenyewe: kona inayofuata, jua linalozama nyuma ya mlima, mji usioujua unaotokea kwa mbali.

Namwelewa kabisa. Ila kila nikiona jina la Tonopah kwenye kioo, hesabu fulani hunijia. Mji huo ulizaliwa mwaka 1900, madini ya fedha yalipogunduliwa jangwani. Mwaka uliofuata, reli kutoka Mombasa ilifika kwenye ufuo wa ziwa letu la Victoria. Miji midogo ya jangwa la Marekani na miji midogo ya njia ya kuja Kisumu ni ya rika moja. Ya kule imechorwa hadi vibao vya moteli. Ya kwetu dereva huijua kwa moyo, na wengine tunaipita tumelala kwenye basi.

Njia yetu nayo huanza na jangwa. Ukiipita Mariakani ukielekea bara, unyevu wa pwani unakatika, na nyika ya Taru inakupokea: udongo mwekundu, miiba, mibuyu, na joto linalotetema juu ya lami hadi karibu na Voi. Misafara ya karne ya 19 iliivuka nyika hii kwa woga wa kiu, ikitegemea ngurunga, mashimo ya miambani yanayohifadhi maji ya mvua. Mwaka mbaya yalikuwa makavu, na wapagazi walikufa njiani. Joseph Thomson alipita huko mwaka 1883 akiwa na msafara wake, na Desemba mwaka huo akafika kwenye ufuo wa ziwa upande wa Nyanza.

Miaka ya 1890 Waingereza wakajaribu kutengeneza njia ya magari ya kukokotwa na ng'ombe. Kipande cha kwanza, kutoka pwani hadi Kibwezi, kiligharimiwa na kampuni ya William Mackinnon, na ndiyo maana katikati ya nyika hadi leo kuna mji uitwao Mackinnon Road. Kuanzia 1895, Kapteni Bertram Sclater akaiendeleza njia hiyo kupitia Bonde la Ufa na nyanda za juu hadi ziwani. Mbung'o waliwaua wanyama wengi waliokokota magari hayo, na sehemu kubwa ya mzigo iliendelea kubebwa vichwani mwa watu.

Njia ya Sclater haikuja Kisumu. Iliishia Port Victoria, kule Budalang'i. Reli nayo mwanzoni ilikusudiwa kufika hukohuko. Upimaji uliofuata ndio uliobadilisha mambo: ghuba tunayoiita leo Ghuba ya Winam imeingia ndani sana upande wa mashariki, na reli ikishuka moja kwa moja kutoka Mau, ingeyafikia maji mapema zaidi. Njia ikafupishwa. Port Victoria ikaachwa kabla treni haijaikaribia.

Reli ilianzia Mombasa mwaka 1896. Pale Taru, treni zililazimika kubeba maji ya wafanyakazi kila siku, kwa sababu nchi haikuwa nayo. Zaidi ya vibarua 31,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Kutoka kilele cha Mau, chenye kimo cha mita zaidi ya 2,500, reli ilishuka karibu mita 1,400 hadi kwenye tambarare ya Kano, ikipita juu ya madaraja ya chuma. Tarehe 20 Desemba 1901, Florence Preston, mke wa mhandisi Ronald Preston, aligongelea msumari wa mwisho ufuoni, na kituo kikaitwa Port Florence kwa heshima yake. Wakati huo sehemu hii ilihesabiwa kuwa Uganda, na ilikuja kuhamishiwa upande wa Kenya mwaka 1902. Jina la Port Florence halikudumu. Kisumu ilikuwa na jina lake tangu zamani, watu wakaendelea nalo.

Miaka 30 iliyofuata ilikuwa ya Kisumu. Meli William Mackinnon, iliyoletwa vipandevipande kutoka Scotland, ilikuwa imeshushwa majini hapa mwaka 1900, hata kabla ya reli. Winifred na Sybil zikaifuata. Mzigo wa Uganda ulivuka ziwa, ukapakiwa kwenye treni gatini, ukateremka Mombasa. Asiyepitia Kisumu hakuwa na njia nyingine ya maana.

Kisha njia nyingine ikapatikana. Kutoka Nakuru, reli ilipandishwa hadi Eldoret mwaka 1924, ikaendelea hadi Uganda, ikavuka Mto Naili pale Jinja na kuingia Kampala mwaka 1931. Mzigo wa Kampala haukuhitaji tena kuja ziwani. Kisumu ikajikuta kwenye tawi, na kipande kilichoendelea kupitia Yala kiliishia Butere. Wazee wa mji huu wakizungumzia kudorora kwa bandari hutaja miaka ya karibuni, lakini kwa maoni yangu pigo la kwanza lilikuwa lile la 1931.

Na lori? Kwa muda mrefu lilibanwa. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliweka sheria ya kuzuia malori yasishindane na reli kubeba mizigo kati ya Mombasa na Nairobi, kwa kuwa reli ilikuwa na madeni ya kulipa. Huku kwetu lori lilikuwa kijakazi wa reli: lilizoa pamba, mahindi na ngozi kutoka masoko ya ndani na kuzileta stesheni. Baada ya uhuru, matumaini yaliwekwa tena kwenye maji. Meli MV Uhuru na mwenziwe MV Umoja, zilizoanza kazi miaka ya 1960, zilibeba mabehewa mazima ya treni kati ya Kisumu, Mwanza, Musoma na Jinja. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Shirika moja la reli likagawanywa vipande, kila nchi ikachukua chake, na uozo ukaanza. Mzigo hausubiri siasa zitulie, kwa hiyo ukapanda lori.

Hapo ndipo miji midogo ya barabarani ilipopata uhai wake wa sasa. Treni husimama pale ofisi ilipoamua isimame. Lori husimama pale dereva anapochoka, injini inapochemka, mizani inapomtaka, au mpaka unapomzuia. Mahali pakiwa na uwanda wa kuegesha, maji, chakula cha moto usiku na fundi wa tairi, trela mbili zitalala leo, na mwaka kesho zitalala ishirini. Maungu, Mtito Andei, Mlolongo, Salgaa: zote zimenenepa kwa namna hiyo. Bomba la mafuta lilipofika Kisumu mwaka 1994, matangi yalianza kupakia hapa kuelekea Uganda na Rwanda, na miji ya upande wetu ikapata zamu yake.

Ipite barabara hiyo mchana, macho wazi. Kutoka Mau Summit unashuka kupitia Londiani na Kericho, chai pande zote mbili, kisha hewa inaanza kuwa nzito na unaingia Awasi. Ahero inakuja na mashamba yake ya mpunga na njia panda ya kwenda Kisii. Kulia, chini ya miamba ya Nandi, kuna nchi ya miwa: Chemelil, Muhoroni, na Miwani, ambako kiwanda cha sukari kilichoanzishwa miaka ya 1920 kimenyamaza tangu 2001. Unaivuka Kisumu. Kisian inagawa njia, wa Bondo kushoto, wa Busia moja kwa moja. Unapanda hadi Maseno, unavuka ikweta, unapita soko la Luanda, Yala, Sidindi, Ugunja, Bumala. Halafu Busia, na foleni.

Alfajiri katika mojawapo ya miji hiyo, simama kando ya trela moja utazame. Tanboi, msaidizi wa dereva, anaizunguka akiwa na kipande cha chuma, anagonga tairi moja baada ya jingine. Lenye upepo wa kutosha hujibu kwa mlio mkavu na chuma hurudi mkononi. Lililopungua hutoa sauti nzito, iliyozama. Trela ya ekseli sita ina matairi 22, na yeye huyasikiliza yote kabla dereva hajamaliza chai. Jiwe lililokinga gurudumu la nyuma huondolewa mwisho kabisa. Sijaona simuleta yenye kifungo cha kazi hiyo, na nadhani ndiyo kazi inayostahili kuwekwa mbele ya nyingine zote, kwa sababu uhai wa wengi hutegemea sikio la kijana yule.

Maana barabara hii imetuumiza. Januari 2009 pale Sachangwan, tangi la petroli lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota, moto ukalipuka na kuua zaidi ya watu 100. Tarehe 30 Juni 2023, lori lenye kontena lilipoteza mwelekeo kwenye njia panda ya Londiani na kuwafagia wachuuzi, abiria na waendesha boda boda waliokuwa kando ya barabara. Zaidi ya watu 50 walikufa. Wote walikuwa pale kwa sababu njia panda ndiyo soko lao. Mji unaozaliwa na lori huishi hatua chache tu kutoka kwenye magurudumu yake, na waliopaswa kuhamisha vibanda vile na kujenga uwanja wa kuegesha walikuwa na miaka mingi ya kufanya hivyo.

Madereva nao wamebebeshwa mengi. Ukimwi ulipoenea miaka ya 1980 na 1990, jina lao likatajwa kama chanzo, ilhali ugonjwa ulikuwa wa nchi nzima. Kliniki za kando ya barabara zinazofunguliwa usiku, saa ambazo dereva ana nafasi, zilikuja baada ya mazishi mengi. Aprili na Mei 2020, wakati wa korona, foleni za mpakani, Malaba na Busia, zilinyooka kwa makumi ya kilomita huku kila dereva akisubiri kupimwa. Walilala kwenye kebini, wakapika chini ya trela, na wenyeji waliowauzia chakula miaka yote wakawakwepa. Kituo cha pamoja cha mpakani, kilichofunguliwa rasmi Busia Februari 2018 ili kupunguza kusubiri, hakikufua dafu.

Mambo hayajasimama. Reli mpya ya SGR ilifika Suswa mwaka 2019 na kukomea hapo. MV Uhuru ilirudi majini mwishoni mwa mwaka huohuo kupeleka mafuta Port Bell, Uganda, baada ya kukaa bure miaka mingi, na Desemba 2021 treni ya abiria ilirejea Kisumu kwa reli ya zamani iliyokarabatiwa. Mafuta yakizidi kupita majini, matangi yatapungua Bumala na Ugunja, na kuna mama mwenye hoteli ya chapati na maharagwe atakayeliona hilo kabla ya mtakwimu yeyote.

Ndiyo sababu nafurahi kuona vijana wakianza kuchora. Gemu ya simu ya Bus Simulator Indonesia, iliyotoka mwaka 2017, humruhusu mchezaji kuweka gari na rangi zake mwenyewe, na Wakenya hawakukawia kuingiza mabasi na matatu za hapa. Gari la kwetu limeshapatikana. Kinachobaki ni barabara, na barabara ni kazi kubwa zaidi kwa sababu lazima ifupishwe. American Truck Simulator ilipotoka, kilomita 35 za dunia zilikuwa kilomita moja ndani ya gemu. Wachezaji wakalalamika kwamba miji imesongamana, na kabla mwaka 2016 haujaisha wachoraji wakaitanua ramani nzima hadi kilomita 20 kwa moja.

Kwa kipimo hicho, Kisumu hadi Busia, takriban kilomita 115, inakuwa chini ya kilomita sita. Haitoshi kwa kila mji. Maseno itawekwa kwa ajili ya ikweta, na Busia kwa ajili ya mpaka. Atakayeketi kuichora atalazimika kuchagua kati ya Luanda, Yala, Sidindi, Ugunja na Bumala, na ningemwomba kabla ya kufuta yoyote akalale usiku mmoja Bumala, pale trela zinapoegesha.