Neno Wanalolilipia Wengine

Leo, hapa Eastleigh, Nairobi, na tufikiri pamoja juu ya neno ambalo adui anataka kulitoa kinywani mwa mtu aliye karibu na kufa.

Wengi wenu mwaujua mchezo wa Kinjeketile, wa Ebrahim Hussein, uliochapishwa mwaka 1969. Ni tanzia ya Vita vya Maji Maji, vilivyopiganwa kusini mwa Tanganyika toka 1905 hata 1907. Watu walikuwa wamechoshwa na viboko na kulimishwa pamba kwa nguvu na Wajerumani. Kinjeketile wa Ngarambe akawapa maji, akawaambia risasi hazitawadhuru. Kwa maji hayo makabila yaliyotengana yakaungana. Lakini risasi ziliua.

Katika historia, Kinjeketile Ngwale alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa vimeanza tu. Mwandishi wa mchezo hakumwondoa upesi hivyo. Alimwacha aishi mpaka wenzake washindwe, kisha akamtia kifungoni. Humo anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Hata Kitunda, mwenzake wa vita, anamsihi aseme. Kinjeketile anakataa, kwa kuwa akisema hivyo, kesho watoto wataambiwa kwamba kupigania nchi yao kulikuwa kosa.

Je, alifanya vema? Sisi Wakristo twamkumbuka mara moja Polikapi, askofu wa Smirna katika karne ya pili. Liwali alimtaka amtukane Kristo apate kuachiliwa. Mzee huyo alijibu kwamba amemtumikia Kristo miaka 86, akakataa, akauawa.

Watu hawa wawili wafanana, lakini si sawa. Neno la Polikapi alililipia mwenyewe. Neno la Kinjeketile lililipiwa na wengine. Wajerumani walichoma mashamba na maghala, na njaa ikaua kuliko bunduki. Wao wenyewe walikadiria waliokufa kuwa 75,000. Wako wanahistoria waliotaja hata 300,000. Damu hiyo ni juu ya waliochoma chakula cha watu. Hata hivyo, vijana wengi walikwenda mbele ya bunduki kwa kuiamini ahadi.

Hapo ndipo penye uchungu wa tanzia hii. Madai yao yalikuwa ya haki. Ahadi ya maji haikuwa ya kweli. Kinjeketile angeweza kuyasema yote mawili, lakini adui angechukua nusu moja tu na kuitangaza. Kwa hiyo kule kifungoni hakubakiwa na neno jema la kusema. Wakati wake ulikuwa kabla ya vita. Katika mchezo, shaka ilimwingia mapema, akataka watu wangoje. Hawakungoja.

Ndugu zetu, jambo hili si la zamani tu. Hapa kwetu, katika Barabara ya Juja, liko kanisa lenye jina la Polikapi. Jumapili, tarehe 30 Septemba 2012, guruneti lilirushwa kwa watoto wa shule ya Jumapili kanisani humo. Mtoto mmoja alikufa, wengine wakajeruhiwa. Hasira ikawaka, na baadhi ya watu wakawavamia majirani Wasomali ambao hawakuwa na hatia yoyote.

Siku kama hiyo vijana hutazama midomo ya wakubwa wao. Neno la kisasi ni rahisi, tena hupigiwa makofi. Anayesema “ngojeni” huitwa mwoga, pengine msaliti. Lakini huo ndio wakati wa kulisema, kwa maana kesho yake huenda maiti zimelala barabarani, na kila neno limechelewa.

Basi wewe mzazi, mwalimu, mchungaji, sheikh, kabla hujawaambia watu waende, jiulize: ni nani atakayelilipia neno hili?

Tuombe. Ee Bwana, utupe ujasiri wa kusema kweli mapema, wala usituache tununue heshima yetu kwa uhai wa watoto wa wengine. Amina.

Kwa herini, mpaka juma lijalo.