Uundaji upya: istilahi na mtambo wa Antikythera

Ukuta ukipasuka hukarabatiwa. Sanamu ikipendwa hutolewa nakala. Lakini chombo kilicholala baharini kwa takriban miaka elfu mbili, sehemu zake nyingi zikapotea na mwenzake asionekane popote, kikitengenezwa tena, kazi hiyo iitweje? Istilahi inayofaa ni uundaji upya, na hakuna kitu kinachoifafanua vizuri kama mtambo wa Antikythera.

Antikythera ni kisiwa kidogo cha Ugiriki, kati ya Krete na Peloponnese. Mwaka 1900 wapiga mbizi wa sifongo kutoka kisiwa cha Symi waliona hapo mabaki ya meli iliyozama katika karne ya 1 KK. Pamoja na sanamu na vyombo vya udongo, yalitolewa madonge ya shaba yaliyoliwa na chumvi. Mwaka 1902 Valerios Stais akagundua gurudumu lenye meno ndani ya donge mojawapo. Leo Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia mjini Athens yanahifadhi vipande 82 vya mtambo huo, vyenye magurudumu 30 ya namna hiyo. Mafundi wa gereji huyaita gia, na neno hilo linatutosha.

Mtambo wenyewe ulikaa ndani ya sanduku la mbao. Mtu alizungusha mkono uliokuwa ubavuni, gia zikapokezana mwendo, na mishale ikaonyesha mahali pa jua na mwezi, nyakati za kupatwa, hata mwaka wa Michezo ya Olimpiki.

Kwa nini isiwe ukarabati? Kwa sababu anayekarabati hukigusa kitu chenyewe ili kifanye kazi tena. Vipande vya Athens vimegeuka kutu na havitazunguka kamwe. Vimebaki kama vilivyo, na kinachozunguka ni chombo kingine kipya. Nakala nayo huhitaji kitu kizima cha kuigizwa, nacho hakipo. Kitenzi kuunda kinafaa zaidi. Pwani kimezoeleka kwa jahazi na mashua: fundi hushikanisha mbao za maumbo mbalimbali, na kazi yake huhukumiwa chombo kinaposhuka majini. Anayeunda upya mtambo wa kale naye huhukumiwa hivyo. Gia zake sharti zizunguke, na majibu yake sharti yalingane na anga.

Hapo ndipo hesabu inapoingia. Gia iliyovunjika haihesabiki meno yote. Mtafiti hupima nafasi kati ya meno yaliyobaki, akapata namba ya chini na ya juu, kisha huuliza ni ipi kati yake yenye maana angani. Wanajimu wa kale walijua kwamba katika miaka 19 mwezi huzunguka mara 254 ukilinganishwa na nyota, na huandama mara 235. Basi jua likikamilisha mizunguko 19, mshale wa mwezi unapaswa kukamilisha 254. Katika mtambo, gia ya meno 64 husukuma ya 38, ya 48 husukuma ya 24, ya 127 husukuma ya 32. Zidisha 64 kwa 48 kwa 127, kisha gawanya kwa zao la 38, 24 na 32: utapata 254 kwa 19, bila kuzidi wala kupungua. Namba 127 ni tasa, na kuchonga meno 127 ni usumbufu mtupu. Fundi asingejitesa hivyo kama hakuhitaji nusu ya 254.

Hata hivyo, hesabu sahihi yaweza kujengewa mtambo usio sahihi. Derek de Solla Price, aliyefanya kazi na Charalampos Karakalos kupiga vipande hivyo eksirei, alichapisha uchunguzi wake mwaka 1974. Alidhani gia fulani zilikuwa zikitoa mwendo wa jua katika mwendo wa mwezi, yaani 254 kutoa 19, ili kupata 235. Hesabu ni nzuri, ila sivyo mtambo ulivyofanya kazi. Michael Wright, aliyejenga mtambo wa shaba kwa mikono yake, alipinga mpangilio huo. Kisha mwaka 2005 mashine ya eksirei ya tani 8 ilipelekwa Athens, ikapiga picha za ndani tabaka kwa tabaka, na matokeo yake yakachapishwa mwaka uliofuata. Gia mbili za meno 50 zimekaa karibu kushikamana, lakini vitovu vyao vimepishana kwa milimita 1 na kidogo. Pini ya moja huteleza ndani ya mfereji wa nyingine, na mwendo huharakishwa na kucheleweshwa, kama mwezi unavyoharakisha na kuchelewa angani.

Sayari ni habari nyingine. Karibu gia zake zote zimepotea, lakini maandishi ya mbele yamehifadhi namba 462 kwa Zuhura na 442 kwa Zohali. Kwa namba hizo, kundi la Tony Freeth katika chuo kikuu cha UCL, London, lilichapisha mwaka 2021 mpangilio kamili wa upande wa mbele. Gia zinatosha mahali penye nafasi finyu na majibu yanalingana na namba zilizoandikwa. Lakini fundi wa kale angeweza kufikia jibu lile lile kwa njia nyingine.

Kwa uhakika, pete ya kalenda inasimama kati ya gia za mwezi na gia za sayari. Imebaki kipande tu, chenye vitundu chini yake. Je, pete nzima ilikuwa na vitundu vingapi? Wengi walitaja 365, kwa mwaka wa Kimisri. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow, kwa kupima nafasi za vitundu vilivyosalia, walionyesha kwamba 354 au 355 ndiyo yenye uwezekano mkubwa. Hizo ni siku za miezi 12 ya kuandama, hesabu ile ile inayoifanya Ramadhani isogee nyuma siku zipatazo 11 kila mwaka.

Kwa hiyo fasili ninayoipendekeza ni hii: uundaji upya ni kutengeneza kitu kipya kinachoonyesha jinsi kitu kilichoharibika kilivyokuwa na kilivyofanya kazi, kwa kutumia mabaki, vipimo na hoja. Chini yake ziwepo ngazi tatu: kilichosalia, kama gia za meno 50; kilichokokotolewa, kama meno 127 au vitundu 354; na kilichokisiwa, kama gia za sayari. Mwandishi akisema tu kwamba mtambo “umeundwa upya,” msomaji atadhani gia ya Zohali inajulikana kama gia ya mwezi. Ngazi hizo zitajwe kila neno hili linapotumika, iwe kwa mtambo wa Kigiriki, kwa fuvu la binadamu wa kale au kwa lugha iliyokufa.