Dawa ya Ganzi Katika Njia ya Mkojo na Hukumu ya Funga

Sifa zote njema anastahiki Allah (Subhaanahu wa Ta'ala). Kila ifikapo Ramadhani huulizwa suala la mgonjwa anayetakiwa kutiwa mpira wa mkojo, au kuchunguzwa kibofu kwa kamera. Kwanza tabibu humtia jeli ya ganzi katika njia ya mkojo ili asiumie. Je, funga yake imebatilika? Wapo wanaovumilia mkojo uliozuilika kwa kuhofia funga, ilhali kuzuilika huko kwaweza kudhuru figo. Hivyo tutazame maulamaa wamelipitishaje suala hili.

Tiba yenyewe si ngeni kwa Waislamu. Abul-Qasim Az-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki karibu na mwaka 404H/1013, alieleza katika At-Tasrif mrija wa fedha wa kutolea mkojo na bomba la kusukumia dawa kibofuni. Ganzi ya mahali penyewe ilikuja baadaye sana: mwaka 1884 Carl Koller wa Vienna alionesha kuwa kokeini hutia ganzi jicho, na mwaka 1943 Nils Löfgren wa Sweden akatengeneza lidokeini, inayotumika sana katika jeli hizo.

Mafuqahaa walilijadili jambo hili kabla ya jeli kuwapo, kwa mfano wa mtu aliyedondoshea dawa katika tundu la mkojo. Imam Abu Hanifa (150H/767) alisema hafungui. Mwanafunzi wake Abu Yusuf (182H/798) akasema anafungua. Al-Marghinani (593H/1197) alibainisha katika Al-Hidaya kiini cha khitilafu: Je, kuna njia kati ya kibofu na jauf, yaani ndani ya tumbo? Kisha akatanabahisha kuwa hilo si suala la fiqhi. Naam, ni suala la matabibu. Ibn Qudama (620H/1223) katika Al-Mughni naye alisema hafungui, kwa kuwa njia hiyo haipo. Ama Imam An-Nawawi (676H/1277) alitaja kuwa kauli sahihi zaidi kwa Mashafii ni kuwa anafungua, nayo ndiyo iliyozoeleka katika pwani yetu ya Afrika Mashariki.

Leo elimu ya mwili imethibitisha kuwa mkojo hutoka kwenye figo, na kibofu hakina njia ya kwenda tumboni. Kwa hiyo Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao cha kumi kilichofanyika Jeddah mwaka 1418H/1997, lilipitisha kuwa mpira, kamera, dawa au maji ya kuoshea kibofu yanayoingizwa katika njia ya mkojo hayabatilishi funga.

Anayeshikamana na kauli ya Mashafii tunamheshimu, na njia yake ni nyepesi: atibiwe, kisha ailipe siku hiyo, kwani mgonjwa ana ruhusa ndani ya Qur'ani. Kwa kauli zote mbili, hakuna iliyomtaka aache tiba akadhurika.

Wallahu a'lam.