Watoto wa Mtoni

Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Maskat na Unguja aliyeishi katika jumba la Mtoni, alifia baharini Oktoba 1856, akitoka Maskat kurudi Unguja. Mwanawe Barghash, aliyekuwa naye safarini, aliizika maiti usiku kwa siri, akajaribu kuitwaa ngome kabla mji haujajua kuwa una msiba. Hakufaulu.

Marehemu aliacha watoto 36, baba mmoja, mama mbalimbali. Majid akashika Unguja, Thuwaini akashika Maskat, Barghash akashika kinyongo. Mwaka 1859 aliasi, na dada zake Khole na Salme wakawa upande wake. Salme, binti wa miaka 15 aliyejifundisha kuandika kwa kificho, ndiye aliyekuwa karani wa njama. Na huyo Majid aliyekuwa akipinduliwa ndiye aliyewahi kuwaweka Salme na mama yake nyumbani kwake. Barghash alitoroka mjini akiwa amejitanda nguo za kike, akajifungia katika shamba lililoitwa Marseilles. Majid hakuweza kumtoa mpaka alipopata msaada wa mabaharia wa Kiingereza. Barghash akapelekwa Bombay.

Kwa maoni yangu, nyumba ile ilivunjika siku hiyo. Mwaka 1861 ndugu hawakugawana tena urithi wa baba wenyewe: Canning, mtawala wa Kiingereza wa India, ndiye aliyeamua kuwa Majid abaki na Unguja na amlipe Thuwaini reale 40,000 kila mwaka. Mwamuzi aliyeitwa kwa ugomvi wa ndugu hakuondoka tena.

Mwaka 1866 Thuwaini aliuawa Sohar na mwanawe wa kumzaa, Salim. Mwaka huohuo Salme, akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani Heinrich Ruete, alitoroka kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden. Huko alibatizwa, akaitwa Emily, akaolewa mwaka uliofuata. Miaka mitatu tu baada ya ndoa mume akafa Hamburg kwa ajali ya tramu. Majid naye akafa mwaka huohuo, 1870, na kiti kikamwangukia Barghash, aliyekwisha kurudi kutoka Bombay.

Mwaka 1885 Salme alirudi Unguja na manowari za Wajerumani kudai mirathi. Bismarck, kansela wa Ujerumani, nadhani, alihitaji kisingizio cha kumbana Barghash kuliko haki ya mjane. Barghash alikataa hata kuonana na karani wake wa zamani: kwa sheria ya Kiislamu, aliyetoka katika dini harithi. Barghash alikufa 1888. Miaka miwili baadaye Unguja ikawa chini ya himaya ya Uingereza. Salme alifia Jena, Ujerumani, mwaka 1924, na fungu alilolidai hakulipata.