Bakteria na ugonjwa sugu wa sainasi: Kwa nini dawa humezwa na maradhi hurudi

WATU wengi wanaosumbuliwa na kamasi zisizokwisha, pua iliyoziba na maumivu ya uso huamini kuwa wanachohitaji ni antibayotiki kali kuliko ile waliyomeza mara ya mwisho. Dawa humezwa, nafuu huja kwa siku chache, kisha maradhi hurejea kama yalivyokuwa.

Tafiti zilizofanyika tangu mwanzoni mwa karne hii zimeonyesha kuwa bakteria wana nafasi yao katika ugonjwa huo, lakini si nafasi ambayo wagonjwa wengi huidhania.

Sainasi ni mifuko ya hewa iliyomo ndani ya mifupa ya uso. Ipo ya aina nne, kulia na kushoto: kwenye mashavu, juu ya nyusi, baina ya macho na nyuma kabisa ya pua. Ndani yake mna utando laini unaotoa ute, na juu ya utando huo mna vinyweleo vidogo mno vinavyousukuma ute kuelekea puani. Vumbi na vimelea hunaswa humo, hupelekwa kooni na kumezwa.

Kazi hiyo si nyepesi. Tundu la sainasi ya shavuni, kwa mfano, liko upande wa juu wa mfuko, hivyo vinyweleo hulazimika kuupandisha ute mlimani. Utando unapovimba, tundu huziba, ute hutuama na bakteria huzaliana.

Mafua si ugonjwa sugu

Mafua ya kawaida huletwa na virusi, ambavyo haviuawi na antibayotiki. Kwa watu wazima, ni wagonjwa kati ya 0.5 na 2 tu katika kila 100 ambao mafua yao huishia kwenye maambukizi ya bakteria ndani ya sainasi. Maambukizi hayo ya muda mfupi husababishwa zaidi na Streptococcus pneumoniae, Haemophilus influenzae na Moraxella catarrhalis.

Ugonjwa huitwa sugu pale dalili zinapodumu kwa wiki 12 au zaidi. Utafiti uliohusisha nchi kadhaa za Ulaya, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2011, ulibaini dalili za ugonjwa huo kwa asilimia 10.9 ya watu wazima waliohojiwa.

Katika hatua hii bakteria wanaopatikana pia hubadilika. Staphylococcus aureus huonekana mara nyingi, pamoja na bakteria wanaoishi pasipo oksijeni. Kwa baadhi ya wagonjwa waliokwisha kufanyiwa upasuaji hupatikana pia Pseudomonas aeruginosa, ambaye ni mgumu kutibika.

Hata hivyo, kukutwa kwa bakteria hakutoshi kuwa ushahidi kwamba ndio walioleta ugonjwa. Zamani iliaminika kuwa sainasi ya mtu mzima wa afya haina vimelea kabisa. Vipimo vya vinasaba vimeonyesha kuwa hata watu wasio na dalili yoyote wana bakteria wa aina nyingi humo, akiwamo Staphylococcus aureus.

Fundisho kama hilo lilipatikana kwa upande wa kuvu. Mwaka 1999 watafiti wa Mayo Clinic ya Marekani walitangaza kuwa wamekuta kuvu kwa wagonjwa 202 kati ya 210, lakini pia waliwakuta kwa watu wote 14 wenye afya waliopimwa kwa kulinganishwa. Dawa za kuvu zilipojaribiwa baadaye, kwa ujumla hazikuleta nafuu iliyotarajiwa.

Ngome ya bakteria

Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walichapisha picha za hadubini zilizoonyesha bakteria wakiwa wameshikamana juu ya utando wa sainasi za wagonjwa, wakiwa wamejifunika kwa ute mzito walioutengeneza wenyewe. Mfano wake ulio karibu zaidi ni ukoga wa meno, ambao hauondoki kwa kusukutua maji bali kwa kusuguliwa.

Bakteria walio ndani ya ngome hiyo wanaweza kustahimili dawa kwa kiwango cha hadi mara 1,000 ya kile kinachowaua wakiwa peke yao. Dawa huwamaliza wale wanaoelea, mgonjwa hupata nafuu, kisha waliojificha huanza upya.

Njia ya pili ya madhara ni sumu. Staphylococcus aureus hutoa sumu zinazoamsha askari wengi wa kinga ya mwili kwa mkupuo, badala ya wachache wanaohusika. Mwaka 2001 kundi la watafiti lililoongozwa na Claus Bachert wa Ghent, Ubelgiji, lilionyesha kuwa ndani ya nyama za pua za baadhi ya wagonjwa mna kingamwili za mzio zilizoelekezwa dhidi ya sumu hizo.

Kwa wagonjwa wa namna hiyo, kinachoumiza zaidi ni mwili wenyewe kupambana pasipo kukoma. Uvimbe huharibu vinyweleo, ute hutuama, na bakteria hupata makao mapya.

Tiba inayolenga uvimbe

Ndiyo maana miongozo ya kitaalamu, ukiwamo ule wa Ulaya wa mwaka 2020, hutanguliza kuosha pua kwa maji ya chumvi na dawa za steroidi za kupuliza puani. Antibayotiki hubaki kwa hali maalumu, na ni vyema usaha uoteshwe maabara kwanza ili dawa ichaguliwe kwa kumjua mlengwa.

Maji ya kuosha pua yanapaswa kuchemshwa kwa angalau dakika moja na kuachwa yapoe. Mwaka 2011 watu wawili walifariki dunia katika jimbo la Louisiana, Marekani, baada ya kutumia maji ya bomba yaliyokuwa na amiba anayeshambulia ubongo.

Dawa zikishindwa, upasuaji kwa kamera huweza kuyapanua matundu ya asili. Njia hiyo ilitokana na kazi ya Walter Messerklinger wa Graz, Austria, aliyeonyesha kuwa vinyweleo huendelea kuusukuma ute kuelekea tundu la asili hata kama tundu jingine limetobolewa. Mwaka 2019 Marekani iliidhinisha dupilumab kwa wagonjwa wenye nyama za pua. Dawa hiyo haiui bakteria hata mmoja. Hutuliza kinga ya mwili.

Zipo hali ambazo bakteria ndio chanzo hasa. Jino bovu la juu linaweza kupitisha maambukizi hadi sainasi ya shavuni. Dalili yake ni usaha wenye harufu mbaya upande mmoja tu wa pua, na hauponi mpaka jino litibiwe.

Kununua antibayotiki dukani bila kupimwa kuna gharama inayovuka pua ya mgonjwa mmoja. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Lancet yalionyesha kuwa mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kutokana na bakteria waliokuwa sugu kwa dawa.

Mwenye dalili zinazozidi wiki 12 anashauriwa kumwona daktari wa masikio, pua na koo. Uvimbe kuzunguka jicho, kuona vitu viwili viwili, homa kali, shingo kukakamaa au maumivu makali ya kichwa ni dalili za hatari, na mgonjwa hana budi kufikishwa hospitali bila kuchelewa.